Nzi Mweupe wa Muhogo: Sura Moja, Spishi Kibao

Je, wajua kwamba nzi mweupe anayeshambulia mihogo si nzi hata kidogo? Jamaa zake ni vidukari, wale wafyonza utomvu. Geuza jani changa la muhogo utazame upande wa chini: utamkuta amejibanza na wenzake, mabawa meupe, urefu haufiki hata milimita moja. Ukilitikisa jani, wote hupeperuka kama vumbi la unga.

Utomvu anaofyonza ni hasara, lakini si kubwa kuliko zote. Balaa ni virusi anavyohamisha kutoka mmea hadi mmea: vya batobato, vilivyoteketeza mihogo ya Uganda miaka ya 1990, na vya michirizi ya kahawia, ugonjwa ulioelezwa na wanasayansi kwa mara ya kwanza Tanganyika mwaka 1936.

Mdudu huyu, Bemisia tabaci, aliandikwa katika vitabu vya sayansi mwaka 1889 baada ya kukutwa kwenye tumbaku huko Ugiriki. Kwa miaka mingi akahesabiwa kuwa ni yuleyule kila alikoonekana. Tabia ndizo zilizotia shaka. Huku anang'ang'ania muhogo, kule anashamiri kwenye nyanya. Huku dawa inamuua, kule haimtishi. Hadubini haikusaidia, kwa sababu wapevu wote wanafanana.

Jibu likatoka kwenye DNA. Mdudu mmoja husagwa, kipande cha jeni moja ya mitokondria hurudufiwa mara nyingi, kisha herufi zake, kama 650 hivi, husomwa moja baada ya nyingine. Tofauti kati ya wadudu wawili ikizidi asilimia 3.5, wadudu hao huhesabiwa kuwa spishi mbili. Kwa kipimo hicho, "nzi mmoja" amegeuka kuwa spishi zaidi ya 30.

Hata hivyo, mitokondria hurithiwa kwa mama peke yake, kwa hiyo jeni hiyo husimulia ukoo wa upande mmoja tu. Watafiti waliposoma maelfu ya sehemu za jenomu nzima ya nzi wa mihogo barani Afrika, mipaka ya makundi ikabadilika: baadhi ya waliodhaniwa kuwa spishi mbalimbali walionekana kuzaana.

Siku hizi mashine ya kusoma DNA hutosha kiganjani na huchomekwa kwenye kompyuta ya mkononi. Imeshatumika mashambani Tanzania, Uganda na Kenya, sampuli zikasomwa papo hapo badala ya kusafirishwa maabara za mbali.

Mkulima anafaidikaje? Baadhi ya mihogo iliyozalishwa kuhimili batobato ilikuja kuangushwa na michirizi ya kahawia. Mtafiti akijua ni nzi gani aliyepo wilayani na amebeba virusi gani, ataijaribu mbegu mpya kwa adui huyo hasa kabla pingili hazijagawiwa wakulima.