Saratani ya Titi: Ulizia Majibu ya HER2

Wanawake wawili hukutwa na uvimbe wa titi unaolingana kwa ukubwa. Mmoja anatibiwa, anapona. Mwingine, saratani inamhamia kwenye mifupa, ini au mapafu. Zamani daktari alikuwa na vichache vya kumwongoza: ukubwa wa uvimbe, sura ya seli na idadi ya tezi za kwapani zilizoingiliwa.

Mwaka 1987 Dennis Slamon wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na wenzake walitangaza kwamba katika takriban asilimia 30 ya uvimbe waliochunguza, jeni ya HER2 ilikuwa imejirudufu. Wagonjwa hao ndio waliorudiwa na saratani mapema, na wengi hawakuishi muda mrefu. Jeni hiyo hutengeneza protini inayokaa kwenye utando wa seli na kupokea amri ya kugawanyika. Ikizidi, seli hugawanyika bila breki.

Habari hiyo mbaya ndiyo iliyozaa tiba. Trastuzumab, dawa inayoing'ang'ania protini hiyohiyo, iliidhinishwa Marekani mwaka 1998, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likaiingiza kwenye orodha ya dawa muhimu. Kwa maoni yangu, kumpima mgonjwa kisha kumnyima dawa kwa sababu ya bei ni ukatili.

Kipimo chenyewe kinahitaji mikono makini. Kinyama kilichotolewa kwenye titi hukatwa vipande vyembamba mno, kisha vipande hivyo huwekewa kingamwili inayoshika HER2, pamoja na rangi. Chini ya hadubini, seli yenye HER2 tele huonekana imezungushiwa mstari mzito wa kahawia, ukingo mzima: hiyo hupewa alama ya 3+, yaani chanya. Sifuri na 1+ huhesabiwa hasi. 2+ hulazimu kupima jeni yenyewe. Hasi si salama moja kwa moja, kwani saratani isiyo na HER2 wala vipokezi vya homoni huwa kali, na huwapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika.

Lakini yote huharibika kinyama kikiachwa mezani. Kinatakiwa kiingie kwenye fomalini, dawa ya kukihifadhi, ndani ya saa moja, kikae humo kati ya saa 6 na 72. Kikichelewa, protini huharibika na majibu hupotosha.

Dada, mama, ukitolewa kinyama, muulize daktari: vipokezi vya homoni na HER2 vimepimwa? Omba majibu kwa maandishi, uyatunze.