Rangi ya Chati Ibaki na Kitu Chake

Wengi wetu tunaotengeneza ripoti kwa Excel au Power BI hatuchagui rangi za chati. Tunaingiza takwimu, tunabofya aina ya chati, na rangi zinakuja zenyewe. Zikipendeza tunaziacha. Lakini rangi hizo zimefuata kanuni, na kanuni yenyewe haijui lolote kuhusu biashara inayozungumziwa.

Tuchukue mfano wa duka la vifaa vya ujenzi lenye matawi manne: Arusha, Dodoma, Mbeya na Mwanza. Ukichora mauzo ya kila tawi kwa mistari katika Excel, programu inagawa rangi kwa foleni. Kwa miaka mingi foleni hiyo ilianza na buluu, ikafuata rangi ya chungwa, kisha kijivu, kisha dhahabu. Arusha inapata buluu kwa sababu tu imetangulia kwenye jedwali. Ukurasa wa pili una chati ya madeni ya wateja, na safari hii mhasibu amepanga jedwali kuanzia tawi lenye deni kubwa. Mwanza imetangulia, kwa hiyo Mwanza ndiyo buluu. Mkurugenzi aliyekwisha kuzoea kwenye ukurasa wa kwanza kwamba buluu ni Arusha anaona mstari wa buluu uko juu kuliko yote, na meneja wa Arusha anaulizwa kuhusu madeni yasiyo yake. Maelezo ya rangi yapo pembeni mwa chati, tena ni sahihi kabisa. Ila katika kikao cha saa moja chenye kurasa ishirini, ni wachache wanaorudia kuyasoma kila ukurasa.

Hapo falsafa inasaidia kidogo. Kwa Aristotle rangi ni tukizi: kitu kinaweza kubadilika rangi kikabaki kilekile. Kwenye chati ya mistari mambo ni kinyume. Mstari hauna uso wala jina lake, unatambulikana kwa rangi tu, na ukibadili rangi umebadili mwenye mstari. Lugha yetu nayo imezoea kufunga rangi na kitu: kijani ni ya jani, kahawia ni ya kahawa, kijivu ni ya jivu. Kazi ya mtengeneza ripoti ni hiyohiyo, kuifunga rangi kwenye tawi lenyewe, si kwenye nafasi ya tawi katika foleni.

Katika Power BI kuna njia zaidi ya moja. Iliyo rahisi ni kuchagua chati, kufungua sehemu ya muundo yenye alama ya brashi, na kumpa kila mmoja rangi yake kwa mkono. Inatosha kwa chati mbili tatu. Zikiwa kumi na tano, mkono utachoka na utasahau mmoja. Njia ya pili ni faili la mandhari, ambamo unaandika orodha ya rangi za taasisi mara moja na ripoti zote zikaitumia. Wengi huishia hapo wakidhani wamemaliza, kumbe mandhari inaamua ni rangi zipi zitumike, haiamui nani apate ipi. Foleni bado ipo.

Njia ninayoipendelea ni kuiweka rangi ndani ya takwimu. Kwenye jedwali la matawi ongeza safu moja, na mbele ya kila jina andika msimbo wa rangi yake, kwa mfano #1F77B4 kwa Arusha. Kisha kwenye mpangilio wa rangi ya nguzo bonyeza alama ndogo ya fx, uiambie programu isome rangi kutoka safu hiyo. Panga upya, chuja, ondoa tawi: Arusha inabaki na rangi yake. Si kila aina ya chati inakubali njia hii, na kwa zile zinazokataa itabidi urudi kwenye mkono. Katika Tableau unaweza kuweka rangi za awali za safu ya matawi kwenye chanzo cha takwimu, na chati zinazotokana na chanzo hicho zikazifuata.

Kuhusu ni rangi zipi, kazi ya mwanajiografia Cynthia Brewer wa Pennsylvania State inafaa kujulikana. Zana yake, ColorBrewer, ilikusudiwa ramani, lakini mgawanyo wake unafaa chati pia. Matawi hayana mkubwa wala mdogo, hivyo yanahitaji rangi zinazotofautiana bila kupandana. Kiasi cha mauzo kinahitaji rangi moja inayokolea kadiri namba inavyokua. Faida na hasara zinahitaji rangi mbili zinazokutana katikati kwenye sifuri.

Kwa faida na hasara, karibu kila mtu anakimbilia kijani na nyekundu. Mazoea hayo hayako kila mahali: kwenye masoko ya hisa ya China nyekundu ni bei kupanda. Zaidi ya hapo, wapo wasioweza kuzitenganisha rangi hizo mbili. Miongoni mwa wanaume wenye asili ya Ulaya ya Kaskazini ni takriban 8 kati ya 100. Afrika kwa jumla ni wachache zaidi, lakini wapo, na huenda mmoja anakaa kwenye bodi yako bila kusema. Buluu na chungwa huwasaidia wengi wao.

Kabla ya kutuma ripoti, ichapishe nakala moja nyeusi na nyeupe, kwa kuwa ofisi nyingi zina printa ya aina hiyo tu. Kijani na nyekundu zenye mng'ao sawa zitatoka kijivu kimoja. Mistari miwili ikigeuka mmoja, fifisha rangi ya mmoja, au andika jina la tawi kwenye ncha ya mstari wenyewe.