Tela la Kutu na Hela ya Sofa

Jumamosi moja nimetoka saluni, nywele mpya, moyo mweupe. Nafika nyumbani nakuta tela limeegeshwa pale ninapowekaga gari yangu. Tairi zote mbili zimekaa chini, bodi imejaa kutu, na ndani yameota majani. Mume wangu kasimama pembeni anatabasamu kama mtoto siku ya Idi.

"Mke wangu, usiseme kitu kwanza," akaniambia.

Nikamtii. Sikusema kitu kwa siku nne.

Mpenzi msomaji, tatizo halikuwa tela. Tatizo ni kwamba lilinunuliwa kwa hela ya sofa, hela tuliyoichanga wote wawili kwa miezi minane, na mimi nikaja kuambiwa mwisho. Kwa watu wawili wanaofanya kazi na kupanga maisha pamoja, hicho kinauma kuliko hela yenyewe.

Siku ya tano nikamuuliza, "Haya, hiki kitu ni cha nini?"

Akanieleza taratibu. Ni Sankey, matela yaliyotengenezwa kwa ajili ya jeshi la Uingereza, yavutwe na Land Rover kwenye njia mbovu, yakibeba robo tatu ya tani. Land Rover tunayo, kaachiwa na baba yake. Ndoto yake ilikuwa tela lenye jiko, tanki la maji na hema, ili tutoke mjini na watoto bila kuwaza hoteli. Nikampa masharti mawili: kila shilingi iandikwe kwenye daftari moja, na kila Jumamosi na mimi niwepo.

Kazi ikaanza

Fundi wetu wa Gerezani alianza na nyundo. Akagonga chasisi kuanzia mbele hadi nyuma. "Shemeji, sikiliza. Ikilia ngaa, chuma kizima. Ikilia pu, kimeoza." Sehemu mbili zililia pu. Akazikata, akachomelea chuma kipya. Sisi tukabaki na brashi ya waya na msasa kwa wikiendi tatu, kisha rangi ya kuzuia kutu, ndipo ikaja ya kijani. Habari ya kucha zangu tuiache.

Uzuri wa Sankey ni kwamba rimu zake zinaingiliana na za Land Rover, kwa hiyo tairi moja ya akiba inatosha kote. Waya za taa tulivuta mpya, na mlango wa nyuma ukageuzwa kuwa meza ya jiko.

Bunju

Safari ya majaribio ilikuwa Bagamoyo. Tulipofika Bunju nikasikia harufu ya kuungua. Tukashuka. Nilipogusa habu ya kulia, nusura niungue. Beringi! Kwenye daftari zilikuwepo, zimeandikwa "baadaye" kwa mwandiko wangu mwenyewe. Ile hela niliihamishia kwenye turubai la rangi niipendayo. Tungeendelea kidogo tu, gurudumu lingeweza kuchomoka katikati ya barabara.

Nilisubiri anifokee. Hakunifokea. Tulikaa chini ya mwembe saa tatu tukimngoja fundi, na hapo ndipo tulipoongea habari ya sofa kwa mara ya kwanza bila kununiana. Akaniomba radhi, na mimi nikamwomba radhi ya beringi.

Kama na ninyi mnataka

• Gongeni chasisi kabla ya kulipa. Rangi mpya huficha mengi.

• Beringi, grisi na breki kwanza, urembo baadaye.

• Vitu vizito vikae juu ya ekseli, vikielekea mbele kidogo, ili kama asilimia 10 ya uzito wa tela iangukie kwenye ndoano. Mzigo ukilalia nyuma, tela litayumba na kuivuruga gari.

• Wekeni mnyororo wa usalama, na mjaribu taa zote kabla ya kila safari.

• Tela lina usajili wake. Hakikisheni kadi ipo na namba zinalingana.

Tangu hapo tumeshalala Saadani, watoto wakisikiliza mawimbi upande mmoja na nyani upande wa pili. Sofa bado hatujanunua. Ila wiki iliyopita nilifungua daftari nikakuta mume wangu kaandika: "Sofa. Tuongee Jumamosi?"