FUNIKA UDONGO, OKOA MAJI YA JERIKENI

Ndugu mkulima wa Nakivale,

Kuanzia Juni mpaka Agosti mvua ni haba hapa kwetu. Miezi hiyo mboga za karibu na nyumba huishi kwa maji unayoyabeba wewe au watoto wako. Basi ni vizuri ujue maji hayo huenda wapi.

Chukua tuta la mita 1 kwa mita 5. Likiwa limeloa na halina kitu juu yake, siku ya jua kali na upepo linaweza kupoteza lita 4 kwa kila mita ya mraba, yaani lita 20. Hiyo ni jerikeni nzima! Ndicho kiasi ambacho UNHCR inalenga kila mtu apate kwa siku kwa kunywa, kupika na kuoga. Mboga hazikuyanywa. Yamepanda hewani kuwa mvuke.

Joto nalo lina hasara yake. Saa saba mchana, uso wa udongo mtupu na mkavu unaweza kupita nyuzi 45; mtu asiye na viatu hakanyagi hapo mara mbili. Mbegu za maharage huota vibaya joto la udongo likizidi nyuzi 35, na mizizi midogo ya juu huungua. Lakini ukitandaza nyasi kavu zenye unene wa vidole vinne, jua hupiga nyasi badala ya udongo, na upepo haufiki chini kuchukua unyevu. Hata tone kubwa la mvua huvunjika juu ya nyasi, maji yakaingia taratibu bila kusomba udongo.

Kwa hiyo tunakuomba: ukipalilia, usichome magugu. Yalaze shambani kabla hayajatoa mbegu. Mabua ya mahindi, maganda ya maharage na majani makavu ya mgomba yanafaa pia. Wenye migomba hapa Isingiro wanaijua sana kazi hii. Ila usikate nyasi kwenye malisho ya wenyeji kabla ya kuwauliza. Ugomvi wa malisho ni mgumu kuumaliza.

Tandaza udongo ukiwa umeloa. Ukitandaza juu ya udongo mkavu, mvua ndogo itaishia kwenye nyasi. Acha nafasi kuzunguka mashina. Kwa mgomba acha kama hatua moja, maana mdudu anayetoboa shina lake hupenda mahali penye giza na unyevu.

Mimea inayotambaa, kama malenge na viazi vitamu, hufunika vizuri na kupoza udongo, lakini nayo hunywa maji. Wakati wa kiangazi usiibananishe na mboga nyingine.

Mchwa watakula nyasi zako, hilo halizuiliki; ongeza zinapopungua. Na uwanja wa nyumba endelea kuufagia kama kawaida, kwa sababu nyoka hujificha kwenye nyasi.

Kama una shaka, jaribu mwenyewe. Mwagilia sehemu mbili kwa kiasi kilekile, funika moja, nyingine iache wazi. Baada ya siku tatu, saa saba mchana, chimba kidogo kila upande, finyanga udongo mkononi, uone ni upi unaoshikana.