Ukinunua vifaa vya mtandao Owino, pima kabla ya kuvuka mpaka

Mfanyabiashara anayefika Owino kutoka Bukoba, Kisumu au Goma kwa kawaida huja na orodha ya nguo za mitumba, viatu na mabegi. Wengine sasa huongeza mstari mmoja: waya wa mtandao, swichi na ruta. Huko nyumbani, shule, zahanati na duka la kuchapa nyaraka vyote vinataka kompyuta kadhaa zitumie laini moja ya intaneti, na vifaa vilivyokwisha kutumika vina bei nafuu.

Tatizo ni kwamba shati lililotoboka huonekana likikunjuliwa, lakini swichi mbovu na swichi nzima hufanana. Kosa likigunduliwa baada ya kuvuka Busia au Mutukula, nauli ya kurudi inaweza kuzidi bei ya kifaa chenyewe. Dakika kumi za kupima mbele ya muuzaji huokoa mtaji.

Waya mmoja kwa wote

Soko la Owino, ambalo jina lake rasmi ni St. Balikuddembe, lilianza mwaka 1971. Miaka miwili baadaye, mwaka 1973, Robert Metcalfe na David Boggs wa kampuni ya Xerox walibuni Ethaneti huko California, Marekani. Ndiyo njia ambayo hadi leo huunganisha kompyuta za jengo moja kwa waya.

Mitandao ya mwanzo ilitumia kebo moja iliyopita kutoka kompyuta hadi kompyuta. Ile nyembamba, iitwayo 10BASE2, haikupaswa kuzidi mita 185. Kila mwisho wake uliwekwa kizibo cha ohmu 50 ili mawimbi yasirudi nyuma. Kebo ikikatika mahali pamoja, au kizibo kimoja kikichomoka, kompyuta zote zilikosa mtandao, kama uchochoro wa soko uliozibwa na mkokoteni mmoja.

Fundi alitafuta kosa kwa mita ya umeme, kompyuta zikiwa zimezimwa. Mita ikisoma ohmu 25, kebo na vizibo vyote viwili ni vizima. Ikisoma 50, kizibo kimoja kimekosekana au kebo imekatika. Waliobadilisha kebo hiyo kwa ya antena ya televisheni walipata hasara, kwa sababu ya televisheni ni ya ohmu 75 ingawa kwa macho zinafanana.

Mwaka 1990 ulipitishwa mfumo wa 10BASE-T, ambao kila kompyuta ina waya wake hadi kwenye habu. Waya mmoja ukikatika, wengine wanaendelea na kazi. Huo ndio mpangilio unaotumika sasa, isipokuwa swichi imechukua nafasi ya habu. Hivyo kadi ya zamani yenye tundu la duara peke yake, hata ikiuzwa kwa bei ya kutupa, ichukuliwe tu iwapo mteja anayeisubiri bado ana kebo ya aina hiyo.

Nyuzi nane, mpango mmoja

Waya wa sasa una nyuzi nane zilizosokotwa kwa jozi nne, na urefu wake kati ya kifaa na kifaa usizidi mita 100. Mpango unaotumiwa sana, kuanzia pini ya kwanza, ni huu: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia.

Wanaoanza kazi hukosea kwa kupanga jozi moja baada ya nyingine. Testa ya bei rahisi itawasha taa zote nane, kwa kuwa kila uzi umefika upande wa pili. Hata hivyo mtandao utasuasua, hasa waya ukiwa mrefu, kwa sababu pini ya tatu na ya sita lazima zitumie nyuzi za jozi moja. Kwa hiyo, pamoja na kutazama taa, angalia rangi kwenye plagi.

Kagua pia waya wenyewe. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: shaba halisi ni nyekundu hadi ndani, lakini alumini iliyopakwa shaba hung'aa nyeupe. Alumini ni nyepesi na hukatika upesi ikikunjwa mara kwa mara.

Kwa swichi, omba umeme, chomeka kompyuta, kisha jaribu kila tundu. Tundu moja kuwaka taa si ushahidi kwamba mengine ni mazima. Soma maandishi ya adapta. Iliyoandikwa volti 120 pekee ilitengenezwa kwa umeme wa nchi kama Marekani, na itaungua kwenye umeme wa Uganda, Kenya au Tanzania. Tafuta iliyoandikwa 100-240, na uhakikishe volti inazotoa ndizo zilizoandikwa kwenye swichi.

Risiti nayo ni mzigo

Cheti rahisi cha uasilia cha Jumuiya ya Afrika Mashariki humsaidia mfanyabiashara mdogo mwenye bidhaa zisizozidi dola 2,000 za Marekani, lakini ni kwa bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Swichi iliyotengenezwa China haigeuki kuwa ya Uganda kwa kuwa imenunuliwa Kampala. Anayeitangaza hivyo forodhani anaweza kupoteza mzigo pamoja na jina lake.

Chukua risiti inayotaja aina, idadi na bei ya kila kifaa, na umuulize afisa wa forodha ushuru unaohusika kabla ya kupakia. Mali bila daftari huisha bila habari, na mpakani inaweza kuishia hapo hapo.