Je, wajua kontena hupozwa kuanzia paani?

Mwanza iko nyuzi 2.5 tu kusini mwa ikweta, hivyo katikati ya Machi na tena mwishoni mwa Septemba jua la saa sita hupita karibu wima juu ya jiji. Kwa mwenye kontena lililogeuzwa duka au chumba cha kulala huko Mirongo, hesabu yote ya joto inaanzia paani.

Paa la kontena la futi 20 lina ukubwa wa karibu mita 15 za mraba. Jua kali la adhuhuri humwaga nguvu inayokaribia wati 1,000 juu ya kila mita ya mraba, yaani kilowati 15 hivi kwa paa zima. Kiyoyozi cha BTU 12,000, kile ambacho mafundi hukiita cha tani moja, kina uwezo wa kuondoa joto la kilowati 3.5. Kweli, si joto lote linaloingia ndani: sehemu huakisiwa angani, sehemu huchukuliwa na upepo. Lakini rangi iliyokoza hunyonya jua kwa wingi, na chuma chenye unene wa milimita 2 hivi hulipitisha joto papo hapo. Kununua mashine kabla ya kushughulikia paa ni kuteka maji kwa pakacha.

Rangi nyeupe ndiyo hatua rahisi. Yenye nguvu zaidi ni paa la pili la bati, lililoinuliwa kwa fremu ili hewa ipite kati yake na chuma. Mchana upepo wa ziwani huvuma kuelekea nchi kavu na kulibeba joto hilo bure. Kuta nazo hufunikwa kwa povu gumu la poliurethani, ambalo upitishaji wake wa joto ni mdogo kuliko wa chuma kwa zaidi ya mara 1,000. Pangaboi lisahaulike: kimo cha ndani ni mita 2.4 tu. Feni ya ukutani inafaa.

Hapo ndipo zamu ya kiyoyozi inapofika. Mashine hii, ambayo Willis Carrier aliibuni mwaka 1902 ili kupunguza unyevu katika kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, kazi yake ni kuhamisha joto: gesi hulifyonza ndani, kompresa huisukuma nje, na joto huachwa huko. Ile ya BTU 12,000, ikifanya kazi mfululizo, hula takribani uniti moja ya Luku kwa saa. Kontena lililokingwa vizuri huiruhusu kompresa ya inveta kupunguza kasi, na uniti zikadumu.

Kontena linalohamahama lina sharti lake. Kiyoyozi cha dirishani ni boksi moja, hung'olewa kikasafiri. Cha vipande viwili humhitaji fundi airudishe gesi yote kwenye kipande cha nje kabla ya kufungua mabomba, la sivyo inapotea hewani.

Viyoyozi vingine hugeuza mkondo na kuleta joto ndani, vikitoa joto mara tatu au zaidi ya umeme vinaotumia, wakati hita ya waya hutoa sawa na inachokula. Mirongo, blanketi linatosha. Uwezo huo ulipiwe na yule ambaye kontena lake litapakiwa lori kwenda Njombe au Makete, ambako umande huganda asubuhi za Juni na Julai.