Kabla ya kuweka sistemu mpya, tuokoe piloti za ordinatere



Ordinatere ya chama chetu inabeba hesabu za likelemba, majina ya wanachama na barua zetu. Ilipoanza kukwama kila mara, tulimpa fundi mmoja aweke sistemu mpya. Ilirudi ikiwaka vizuri. Lakini sauti haikutoka, imprimanti haikujibu, na wifi ilipotea. Piloti zilikuwa zimefutwa, na pasipo wifi hatukuweza kuzitafuta. Tuliandika likelemba kwenye daftari mpaka mtu alipopata safari ya Kindu.

Piloti ni programu ndogo inayosaidia sistemu isikilizane na kila kipande cha mashine. Ni kama mkalimani sokoni: akiondoka, muuzaji na mnunuzi wote wapo, lakini biashara haiendi.

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft imemaliza msaada wa Windows 10, kwa hiyo wengi watabadilisha sistemu. Mambo haya tuyafanye kwanza:

1. Tunakili hesabu, barua na picha zetu kwenye flashi. Kuokoa piloti hakuokoi hesabu.

2. Kwenye flashi hiyo tufungue dosye mpya, tuiite piloti. Tuangalie pia herufi ya flashi. Hapa tunasema ni D.

3. Mahali pa kutafutia tuandike cmd, tubonyeze upande wa kuume wa mausi, tuchague kuifungua kama administratere.

4. Tuandike mstari huu, kisha tubonyeze Enter:

pnputil /export-driver * D:\piloti

5. Tungoje imalize, kisha tufungue dosye ile tuone kama imejaa. Flashi itolewe kwenye mashine na kuwekwa mbali.

Sistemu mpya ikikwisha kuingia, tufungue orodha ya vipande vya mashine. Penye alama ya manjano tubonyeze upande wa kuume, tuchague kuweka piloti upya, tuionyeshe dosye ya kwenye flashi. Tuanze na wifi, maana ikipatikana, zile zinazokosa zitatafutwa kwenye intaneti.

Mama asiyejua mashine naye anaweza kulinda mali ya kikundi. Kabla fundi hajagusa kitu, amuulize: «Umeokoa hesabu? Umeokoa piloti? Tuonyeshe flashi.» Asipoonyesha, kazi isianze.

Wazee walisema: akiba haiozi.